Mnataka Singapore? Anzeni na Veranda za Busia

Leo sina video. Nina maneno tu, na maandishi hayamalizi bando, kwa hivyo soma hadi mwisho kabla ya kukimbia kwenye komenti kunitukana.

Hii ndiyo hoja yangu. Jengo la maana zaidi Busia si kituo cha mpaka, si ofisi za kaunti, na si ile ghorofa mpya yenye vioo vya bluu ambayo kila mtu anapiga picha mbele yake. Ni duka la zamani. Unalijua. Ukuta mnene, mabati yameshika kutu, milango ya mbao inayokunjwa, matundu ya hewa chini ya paa, na veranda mbele inayoshikiliwa na nguzo. Labda juu ya mlango kuna rangi iliyofifia ya tangazo la soda au sabuni. Umewahi kujikinga mvua hapo. Umewahi kuongojea mtu hapo ukijifanya unaangalia simu.

Hayo maduka yanapungua, Busia na Malaba, na miji midogo katikati. Moja linabomolewa wikendi, Jumatatu kuna mabati ya kuzungushia ploti, mwaka ukiisha kuna ghorofa iliyo sawa na ghorofa za Kitengela, Bungoma na Ruaka. Hakuna anayelia. Hakuna MCA anayesimama kuuliza swali. Sisi vijana ndio tunashangilia zaidi, eti mji unakua.

Mimi nasema tunaibiwa, na tunampigia mwizi makofi.

Komenti nazijua tayari, kwa sababu nimezisoma chini ya video zangu. "Hayo ni maduka ya Wahindi." "Hayo ni mabaki ya ukoloni." "Wewe unataka watu wakae kwenye takataka?" Na ile ya lazima: "Rudi chuo kwanza." Boss, chuo niliacha mwaka wa pili na sijarudi, na kuta za Busia hazikuniuliza cheti. Twende hoja kwa hoja.

"Ni maduka ya Wahindi"

Sawa, mengi yalianzishwa na Wahindi. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Allidina Visram, mfanyabiashara kutoka Kutch aliyefariki mwaka 1916, alikuwa ametandaza maduka kutoka pwani hadi ndani ya Uganda. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Ile njia nyingine inayopita Eldoret na Malaba iliendelea hadi ikafika Kampala mwaka 1931. Popote njia ilipopita, duka lilifuata: chumvi, mafuta ya taa, vitambaa, majembe, sukari. Mwenye duka aliuza mbele, akala na kulala nyuma, akaweka magunia uani. Kwenye veranda alikaa fundi cherehani, mara nyingi Mwafrika, akishona nguo kutoka kitambaa ulichonunua ndani dakika tano zilizopita.

Lakini hebu tupige hesabu, hata kama wewe ni wa D ya hesabu kama mimi. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria ya leseni za biashara iliyowazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo mengi na kuuza bidhaa fulani. Wengi wakauza, wakahama. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na baadhi yao walipanda treni kwenda Mombasa, wakipita mpaka huu huu. Sasa chukua duka lililojengwa mwaka 1950, kisha likauzwa kwa Mwafrika mwaka 1970. Mwenye kulijenga alikaa nalo miaka 20. Sisi tumekaa nalo zaidi ya miaka 50. Nguo za shule za mama yako zilinunuliwa wapi? Redio ya kwanza ya babu yako ilinunuliwa wapi? Nusu karne ya maisha ya watu weusi iko ndani ya kuta hizo, halafu mtu anakuja kuniambia ni za Wahindi.

Na kuna kitu kingine ambacho watu hawasemi. Si yote yalikuwa ya Wahindi tangu mwanzo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari wa KAR walirudi kutoka Burma na kwingineko. Walikuwa wameona dunia, walikuwa na akiba kidogo, na wengi wao walitaka kitu kimoja: duka. Serikali ya kikoloni haikuwafungulia njia. Kulikuwa na sheria iliyosema mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila kibali, hawezi kumdai kortini. Tafsiri yake mtaani: hakuna wa kukukopesha, anza na ulicho nacho mfukoni. Wengi walifilisika. Wengine walisimama.

Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walianzisha kampuni ya LUTATCO, wakachangisha pesa za watu wa kawaida ili kuonyesha kwamba Mwafrika anaweza kumiliki biashara na jengo lake. Yule mzee ambaye baadaye ndiye alikuja kuwa Makamu wa kwanza wa Rais aliona duka na jengo la biashara kama siasa. Kwa hivyo ukikutana na duka la mawe la Mwafrika la miaka ya 1950 katika soko lolote la Magharibi au Nyanza, usione kuta kuukuu. Hiyo ni pesa taslimu ya mtu ambaye sheria ilimwekea vizuizi akavipita. Ni ushindi uliopigwa plasta.

Ushindi huo tunauangusha kwa tingatinga ili tuweke duka la betting.

"Ni mabaki ya ukoloni"

Ndugu yangu, hata mpaka unaousimamia ni mabaki ya ukoloni! Hadi mwaka 1902, hapa ulipo palikuwa Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi maeneo ya Naivasha. Waingereza wakahamisha mstari kwenye karatasi, na ghafla Mteso wa Malaba na binamu yake wa Tororo wakawa watu wa nchi mbili. Msamia vilevile. Hakuna aliyeulizwa.

Mpaka huo tumeujengea kituo cha pamoja, na cha Busia kilizinduliwa na marais wawili, Kenyatta na Museveni, Februari 2018. Vizuri sana. Foleni ilipungua, nakubali. Lakini fikiria: tunatunza mstari waliotuchorea, tunabomoa maduka ambayo watu wetu waliyatumia kuushinda huo mstari. Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Serikali zilisema huku Kenya, kule Uganda. Duka lilisema karibu, una shilingi ya wapi?

Tazama kilichozaliwa kati ya veranda hizi. Neno boda-boda, ambalo leo linatumika hadi Dar, lilizaliwa hapa mpakani miaka ya 1960. Vijana wenye baiskeli walibeba watu na mizigo kuvuka ile sehemu ya katikati ya vituo viwili, ambayo gari halingevuka bila karatasi. Walikuwa wanaita abiria: boda, boda! Dunia nzima inaandika makala kuhusu boda-boda. Nenda Busia uniambie ni wapi pameandikwa kwamba neno hilo lilitoka hapa. Tuna neno, hatuna hata kibao.

Kisha magendo. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazili, bei ya kahawa duniani ikaruka, na uchumi wa Amin ulikuwa umeanguka. Kahawa ya Uganda ikaanza kuvuka usiku kwa punda, kwa baiskeli, kwa vichwa vya watu. Chepkube, kule upande wa Bungoma, ikawa jina la kutisha na la kutamanisha. Wazee wakikuambia mtu fulani "alitoka na kahawa", wanamaanisha miaka hiyo. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikavunjika, lakini watu hawakuacha kuvuka. Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi hapa Busia na mpaka ukafungwa. Ukafunguliwa tena. Milango ya mbao ikakunjwa asubuhi, biashara ikaendelea.

Historia hii haiko kwenye vitabu vya shule tulivyosoma. Pale tulikariri majina ya wapelelezi wa Kizungu. Historia yetu iko kwenye kuta, na kwenye vichwa vya wazee wanaozidi kutuacha. Mzee akienda na jengo likienda, nitamwonyesha nini mtu wa kesho? Picha ya ghorofa?

"Ni takataka, watu wanataka maendeleo"

Hapa ndipo kwenye pesa, kwa hivyo tuongee pesa.

Mathe alinilea kwa veranda. Sitanii. Miaka mingi aliuza omena na nyanya kwenye veranda ya duka la zamani. Mwenye duka, mzee mmoja mtaratibu, hakumtoza kodi ya nafasi hiyo. Alimwambia afagie asubuhi na asizibe mlango. Basi. Jua likiwaka alikuwa kivulini, mvua ikinyesha mzigo haukuloa. Mzee alipofariki, watoto waliuza, duka likabomolewa, ghorofa ikapanda. Ghorofa haina veranda. Ina ngazi za tailisi na askari mwenye rungu anayemwambia kila mama mwenye beseni, "Hapa si pa kukaa." Mathe sasa yuko kando ya barabara chini ya mwavuli, akikimbia kila kanjo wakitokea.

Sasa zidisha. Fundi cherehani. Msee wa kutengeneza simu. Mwenye M-Pesa. Mama wa mahindi ya kuchoma. Wabadilishaji wa pesa. Watu wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu, ambao wanajulikana Busia nzima na wanahitaji mahali pa usawa wa chini, penye kivuli, pasipo na ngazi kumi. Wote hawa walikuwa na ofisi bila kulipa deposit, na ofisi hiyo ilikuwa veranda. Unaposema duka la zamani ni takataka, unasema na wao ni takataka. Unajua au hujui, ndicho unachosema.

Na hiyo ghorofa ya vioo, umewahi kuingia saa nane mchana Februari? Ni jiko. Lazima uweke feni, na bili ya stima ni yako wewe mpangaji. Mafundi wa zamani hawakuwa wajinga. Ukuta mnene huchelewa kushika joto. Dari ya juu na matundu yaliyo chini ya paa hutoa hewa moto. Veranda inazuia jua lisiguse ukuta wa mbele. Walijenga kwa sababu stima haikuwepo. Sisi tunayo stima ya kupotea kila wiki, na tunajenga kana kwamba tuko Ulaya.

Sasa naongea na mwenye ploti, kwa heshima. Baba, mama, nakuelewa. Duka moja la chini linakupa kodi ya mpangaji mmoja, ghorofa nne zinakupa wapangaji ishirini. Una karo, una hospitali. Sikuombi ukae maskini ili mimi nipige picha nzuri. Nakuomba kitu kimoja: acha mbele. Acha ule ukuta wa mbele na veranda yake, urefu wa vyumba viwili tu, kisha nyuma, pale uani palipokuwa na magunia, panda ghorofa zako hadi zikuguse mawingu. Inawezekana, na imefanyika duniani mara elfu.

Wapi? Twende sasa kwa Singapore.

Mnaipenda Singapore? Haya

Viongozi wetu hawawezi kumaliza hotuba bila kuitaja. Tutakuwa Singapore. Tulikuwa sawa na Singapore miaka ya sitini. Nimeisikia hadi nimeota nayo. Basi tuiangalie kwa makini.

Mwaka 1822 Raffles, Mwingereza aliyeanzisha koloni hiyo, aliagiza nyumba za biashara za mjini ziwe na veranda mbele, zikiungana moja hadi nyingine, ili mtu atembee kivulini mtaa mzima. Wachina, Wahindi na Wamalay wakajenga maduka kama yetu kabisa: biashara chini na mbele, familia nyuma au juu, milango ya mbao, matundu ya hewa. Baada ya uhuru wao nao walibomoa mengi, haraka haraka, wakijenga majumba marefu. Kisha wakashtuka. Mwaka 1989 wakatangaza mitaa kama Chinatown, Little India na Kampong Glam kuwa maeneo ya kuhifadhiwa. Leo wanalinda majengo zaidi ya 7,000. Yale maduka yaliyokuwa yanaitwa uchafu sasa yanauzwa kwa mamilioni ya dola, na watalii wanatoka mbali kupiga picha pale.

Hiyo ndiyo Singapore mnayoitaja. Haikutajirika kwa kufuta maduka yake ya zamani. Ilipopata pesa, iliyatafuta yaliyobaki ikayakumbatia. Sisi tunaiga vioo vyake, tunaruka akili yake.

Na usiseme hiyo ni Asia, sisi ni Afrika. Lamu iko kwenye orodha ya turathi za dunia ya UNESCO tangu 2001, na watu wanaishi humo, wanauza humo, wanaoa humo. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo tangu 2000. Hapa karibu, vuka uende Jinja, utembee barabara kuu uone majengo ya wafanyabiashara wa Kihindi yenye miaka ya kujengwa imechongwa juu. Watu wanasafiri kwenda kuyaona. Sisi ya kwetu tunayawekea X nyekundu.

Sheria ipo, mtu wa kuisukuma hayupo

Tuna Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Inamruhusu waziri, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kutangaza jengo katika Gazeti rasmi la serikali kuwa la kulindwa, na wenye pingamizi wanapewa nafasi ya kusikizwa. Haisemi lazima liwe ngome ya Wareno. Haisemi lazima aliishi gavana wa kizungu. Na Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya mipango ya miji, biashara, masoko na hata makavazi. Kwa hivyo kaunti isituambie kuwa hilo ni la Nairobi. Kupanga mji ni kazi yake. Kuamua kama veranda inabaki au inaondoka wakati wa kupitisha ramani za ujenzi ni kazi yake.

Ninachodai ni mambo matatu, si mia.

Moja, orodha. Kaunti ihesabu maduka ya zamani yaliyobaki, kutoka Malaba, Amagoro na Adungosi hadi Busia mjini, Nambale, Bumala, Sio Port na Port Victoria. Lipi liko wapi, lilijengwa lini, limepitia mikono ya nani. Bila orodha, kila bomoabomoa ni ajali tu, na ajali haina mshtakiwa.

Mbili, punguzo. Mwenye jengo la kwenye orodha akikubali kulitunza, apunguziwe ada za kaunti. Haiwezekani umbebeshe mtu mmoja mzigo wa historia ya mji mzima, halafu umtoze sawa na yule aliyebomoa.

Tatu, veranda. Jengo lolote jipya kwenye barabara za biashara liwe na veranda wazi kwa umma. Hiyo haihitaji hata mapenzi ya historia. Inahitaji kujua tu kwamba hapa kuna jua na kuna mvua.

Na wewe unayesoma hii ukiwa umelala, usidhani umeponyoka. Vikao vya maoni ya umma vya bajeti na mipango ya kaunti hutangazwa, na wanaoenda ni wale wale wazee watano na mchukua picha wa gavana. Enda. Ingia na mbogi yako, useme neno veranda mbele ya watu. Kabla ya hapo toka na simu yako wikendi hii. Piga picha ya duka moja la zamani, mbele, milango, nguzo, na kama kuna mwaka umeandikwa juu, ukaribie usomeke. Kisha tafuta mzee au nyanya aliye karibu, msalimie vizuri, muulize tu: hapa palikuwa pa nani, na palikuwa panauzwa nini? Mrekodi. Posti uniteg, nami nitaweka zote mahali pamoja, kwa mpangilio wa mtaa.

Kaunti ikikataa kuandika orodha, tutaiandika sisi. Halafu siku tingatinga likija kwenye duka namba kumi na saba, kutakuwa na jina, mwaka na sauti ya mtu, na atakayetia sahihi kibali cha kubomoa atakuwa anajua anabomoa nini. Komenti ziko wazi. Nitukaneni, lakini mkimaliza niambieni: la kwenu liko wapi?